Mashine Inayoruka Pigo

Walikuwa wameshapita soko la Shinyalu Lazarus alipomgusa mwenye bodaboda begani kwa mara ya tatu. Pikipiki ikasimama kando ya shamba la mahindi. Lazarus akashuka, akampa mkewe jerikeni ya lita tano ashike, akapotea katikati ya mabua kwa haraka ya mtu anayefukuzwa. Nanjala, mkewe, akabaki juu ya kiti amekumbatia jerikeni kama mtoto wa wenyewe.

"Huyu mzee amekunywa nini?" mwenye bodaboda akauliza.

"Maji."

"Maji tu?"

"Maji tu. Tangu alfajiri lita nne. Tukifika mjini atakuwa amemaliza hii, tujaze ingine."

"Pole, mama. Ni sukari."

"Si sukari. Wamempima sukari mpaka vidole vimekuwa chujio."

Sukari ndilo lilikuwa neno la kila mtu. Jirani alisema sukari, mchungaji akasema sukari, hata mama muuza ndizi pale kwenye geti la msitu alikataa kumuuzia ndizi mbivu, akimhurumia. Mara tano damu yake ilipimwa na mara tano ikaonekana safi. Na bado kwa siku moja Lazarus alikunywa lita kumi na mbili, na zote zikapita kama zilivyoingia, nyeupe, unaweza kufulia shati la kanisani.

Miaka miwili nyuma hakuwa hivyo. Lazarus alikuwa mtu wa miguu. Ujana wake aliumaliza akizunguka: alikata miwa Mayoni, akachuja dhahabu Ikolomani, akalinda ghala Kitale, na kila mahali alikaa mpaka pale alipoanza kuijua njia ya kwenda kazini hata akiwa amefumba macho. Hapo alifunga mzigo. Kazi moja tu ndiyo iliyomshika, ya kuwaongoza wageni katika msitu wa Kakamega, kituo cha Isecheno, kwa sababu ni kazi ya kutembea na ukalipwa. Alikuwa na mtindo wake, kutembea kinyumenyume mbele ya wageni ili aone nyuso zao wanapomwona mbega kwa mara ya kwanza. Siku moja, baada ya mvua, mguu uliteleza na kisogo kikagonga mzizi wa mkuyu. Alizimia kidogo, akazinduka, akawaomba wageni radhi na kumaliza matembezi. Wiki hiyohiyo kiu ikaanza.

Tangu hapo, mtu aliyekuwa akivuka kutoka Isecheno mpaka Buyangu, upande wa pili wa msitu, kwa miguu, na jioni anauliza kesho twende wapi, hakuweza kwenda mbali na bomba wala mbali na choo. Wakubwa wa kituo hawakumfukuza. Walimpa kiti pale getini na daftari la kuandika majina ya wageni. Walidhani wamemfanyia wema. Kiti hicho kilimuuma kuliko ule mzizi.

Lazarus alitoka kwenye mahindi, akachukua jerikeni, akanywa amesimama, akapanda.

"Tumebakisha mara ngapi kabla ya mjini?" mwenye bodaboda akauliza.

"Wewe endesha. Nitakwambia."

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kupigwa picha ya kichwa, na ilikuwa ya pili. Daktari Mideva, mwanamke mfupi wa Vihiga mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha habari ya sukari. Alimweka Lazarus asubuhi nzima bila maji huku akimpima kila baada ya nusu saa, mpaka Lazarus akaanza kuiangalia sinki kama mlevi anavyoangalia mlango wa baa. Kisha akampa maji na kumweleza.

"Chini kabisa ya ubongo, nyuma ya macho, kuna kipande kidogo kama punje ya njugu," alisema. "Kinaitwa haipothalamasi. Ndicho kinachojua una kiu, una njaa, unasikia baridi, umeshiba usingizi. Kikiona maji yamepungua mwilini, kinatuma amri kwa figo: shikeni maji, msiyaache yapotee. Amri inashuka kwenye kikonyo chembamba, chembamba kuliko njiti ya kibiriti, mpaka kwenye tezi inayoning'inia chini yake, na tezi inaiachilia kwenye damu. Yako haifiki."

"Kumbe figo ni nzima," Lazarus akasema, "ila hazijapata barua."

"Hivyo hasa. Sasa nataka kujua barua inapotelea wapi. Kama kikonyo kilikatika ulipoanguka, kuna dawa ya matone ya puani, inafanya kazi ya hiyo barua, na utarudi msituni. Kama kuna uvimbe umekikalia, hapo ni hospitali ya Eldoret, na kichwa kitafunguliwa. Kwa macho siwezi kujua. Inabidi tupige picha."

Ndiyo maana Lazarus hakulala vizuri kwa mwezi mzima, mbali na kule kuamka kwake kwenda nje. Matone au kisu. Njia ilikuwa moja tu ya kujua, na mara ya kwanza picha iliharibika.

Kituo cha picha kilikuwa kwenye jengo jipya upande wa Lurambi. Aliyeendesha mashine aliitwa Zuena, binti wa Mayoni, mwenye hijabu ya samawati na subira ya kipimo. Alipojua kwamba Lazarus aliwahi kukata miwa kwao, alimwita baba tangu siku ya kwanza.

"Asalaam aleikum, baba. Umeshaenda choo?"

"Sasa hivi."

"Nenda tena."

Akaenda tena. Akavua mkanda, saa, na msalaba wa shaba, akavaa gauni lililofungwa nyuma kwa kamba mbili, Nanjala akageuza uso ukutani kucheka. Wakamlaza kwenye kitanda chembamba, wakamvalisha vipokea sauti masikioni, wakamsukuma ndani ya tundu la mashine.

"Usitikisike hata kidogo," sauti ya Zuena ikaja masikioni. "Hicho kitu tunachotafuta ni kidogo sana. Ukisogea unene wa unywele, tumeshakipoteza."

"Nitakuwa maiti."

Na kwa picha mbili za kwanza alikuwa maiti kweli. Mashine iliguna, ikakwaruza, ikanyamaza. Kisha ikaja ya tatu, ile ndefu, ambayo Zuena aliiita picha ya nyuzi, kwa sababu inayafuata maji yanavyosogea ndani ya ubongo ili kuonyesha nyuzi za neva zinatoka wapi na zinashika wapi. Hiyo haikuguna. Hiyo ilipiga ngoma.

Lazarus aliisikia mpaka kwenye meno. Du, du, du, du, du, du, du. Halafu kimya kidogo. Halafu tena.

Baada ya dakika saba ikaja nyingine ya karibu, na ilipokwisha Zuena akamtoa Lazarus. Lazarus alimkuta Daktari Mideva ameshafika, yeye na Zuena wanaitazama kompyuta kwa nyuso za watu waliounguza ugali.

"Umesogea, baba."

"Sijasogea."

"Hebu njoo uone." Zuena akamwonyesha. Mahali palipotakiwa kuwa na kile kipande cha njugu na kikonyo chake palikuwa na kitu kama mvuke kwenye kioo. "Ni kama mara ya kwanza. Picha zingine nzuri, hii ya nyuzi na ile ya karibu inayofuata zote zimevurugika."

"Mimi nilikuwa maiti. Muulize Nanjala."

"Mimi nilikuwa nje," Nanjala akasema. "Mimi nikuone wapi?"

Zuena hakubishana. Chumba kile kilikuwa na kamera ya kumwangalia mgonjwa. Akairudisha nyuma na wote wakainama kutazama. Kwenye kioo zilionekana nyayo za Lazarus zimetokeza nje ya mashine. Zilikuwa tulivu. Kisha kidole gumba cha mguu wa kulia kikainama, mara moja tu, kikarudi. Baada ya muda kidogo kikainama tena. Tena. Kila mara baada ya kipindi kilekile, kama saa.

"Hicho ni kidole cha nani?" Daktari Mideva akauliza.

Lazarus alikitazama kwa mshangao wa kweli. Kisha akaanza kuhesabu kwa midomo, na uso wake ukabadilika.

"Daktari, mashine yenu ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Inaruka pigo. Inapiga saba, la nane inalimeza. Sikiliza." Akagonga meza kwa vidole, saba, akaacha pengo. "Unaona? Pale. Pale pananiuma. Mimi nilikuwa nalijaza tu."

Zuena akamwangalia Nanjala.

"Ni mpigaji wa ngoma za isukuti," Nanjala akasema, kama anayesema mumewe ana pumu. "Tangu ana miaka tisa. Hata mimi nikitwanga mahindi nikikosea, anakuja kunyang'anya mchi."

Daktari Mideva alikaa kwenye kiti kinachozunguka na kucheka mpaka akafuta macho. Halafu akaacha kucheka.

"Kidole kikiinama, bega linasogea, na bega likisogea kichwa kinafuata," akasema. "Mzee Lazarus, nikueleze ukweli. Watu wasioweza kutulia tunawalaza kwa dawa. Lakini anayelazwa kwa dawa anakaa saa nyingi bila kunywa kitu, na wewe ukikaa hivyo chumvi ya damu inapanda mpaka mahali pabaya. Sitaki kufanya hivyo hapa. Tukishindwa tena, nitakuandikia barua ya Eldoret walaze wao, wakiwa na vifaa vyote, na foleni ya huko ni ya miezi. Mimi nina nafasi moja nawe, Alhamisi."

"Wacha tujaribu sasa hivi kitu kimoja," Zuena akasema. "Kama pigo linakosekana, mimi nitalipiga hapa kwenye maikrofoni, yeye alisikie masikioni. Mwili wake hautakuwa na kazi."

Lilikuwa wazo zuri. Lazarus akaenda choo, akanywa vikombe viwili, akarudi kwenye tundu. Mashine ikaanza kupiga, na Zuena akawa anagonga meza kwa kalamu. Aligonga kama mtu anayeua mbu: mara mapema, mara amechelewa, mara moja aligonga mara mbili na kuomba msamaha kwenye maikrofoni. Ndani, Lazarus aliuma meno. Sasa walikuwa wawili wanaokosea. Miguu yote miwili ikaingia kazini, na nyonga pia.

"Baba, unacheza," Zuena akasema.

"Nawaokoa," Lazarus akajibu.

Walirudi nyumbani bila picha. Walipofika pale kwenye mahindi, ambapo palikuwa kama stesheni yao, Nanjala akasema:

"Baba Tracy, mtu wa kulijaza hilo pigo yuko mmoja."

"Najua unataka kusema nani. Usiseme."

"Elkanah."

"Nimekwambia usiseme."

Elkanah aliishi upande wa pili wa kijito, akiwamba ngoma kwa ngozi ya kenge na kuziuza sokoni. Yeye na Lazarus walipiga pamoja miaka ishirini na sita, Lazarus ngoma kubwa, Elkanah ya kati, na walijuana kiasi kwamba mmoja akikohoa mwingine alijua wimbo unageuka. Kisha kiu ikaja. Kwenye mazishi ya mwalimu mkuu mmoja kule Khayega, Lazarus aliacha ngoma mara tatu katika wimbo mmoja kwenda nyuma ya migomba. Mara ya tatu jeneza lilikuwa limeshainuliwa, wabebaji wamesimama, wanangoja. Elkanah akaiokota ngoma kubwa, akaivaa begani, akaendelea. Lazarus aliporudi akifunga zipu, alinyoosha mkono apewe. Elkanah akasema mbele ya umati wote, "Ngoma haiwezi kungoja kibofu." Watu walicheka mpaka na wafiwa. Tangu siku hiyo hawakuwa wamesalimiana.

Jumatatu na Jumanne Lazarus alijaribu kujifunza mwenyewe. Alijilaza kwenye benchi uani, akamwambia Nanjala agonge sufuria kwa mwiko, saba, asigonge la nane. Nanjala akagonga. Kidole kikainama. Wakakifunga kwa kamba ya katani. Kidole cha mguu wa kushoto kikachukua zamu. Wakafunga vyote, kikaja kidevu.

"Unaona?" Nanjala akasema. "Ukifunga kidevu, kitahamia masikioni. Nenda kwa Elkanah."

"Afadhali Eldoret."

"Basi nenda Eldoret. Mimi nitabaki nikikupelekea maji kwa lori." Akauweka mwiko chini. "Wewe unadhani mimi nataka nini? Umekaa kwenye kile kiti cha getini miaka miwili. Ukirudi nyumbani huongei. Zamani ulikuwa ukirudi na habari mpaka chai inapoa. Sasa unarudi na majina ya wageni."

Jumatano saa tatu asubuhi Lazarus alijaza chupa mbili na kuvuka kijito.

Elkanah alikuwa kwenye kivuli cha nyumba, anavuta ngozi mbichi juu ya mdomo wa ngoma. Hakuinua kichwa.

"Naona wageni," akasema. "Choo kiko kulekule, kama umesahau."

"Sijasahau."

"Kalia hilo gogo. Hilo lingine limeoza."

Lazarus akakalia. Mke wa Elkanah akatoka, akamsalimia, na bila kuulizwa akamletea maji kwa jagi, si kwa kikombe. Lazarus akanywa yote. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, na sasa yalimtoka kwa mpangilio mwingine.

"Nimekuja kukuomba kitu."

"Kama ni ngoma kubwa, mimi sirudishi. Nimeizoea na mgongo umezoea."

"Si ngoma. Ni mashine. Wananipiga picha ya kichwa, na mashine inaruka pigo, na mimi siwezi kutulia. Nikishindwa kesho, napelekwa Eldoret kulazwa kwa dawa, na daktari hapendi."

"Inarukaje?"

Lazarus akapiga kwenye mapaja yake. Saba. Alipofika kwenye pengo, kiganja cha Elkanah kilikuwa kimeshashuka juu ya ile ngozi mbichi, tup, mahali penyewe hasa. Hakukusudia. Wakatazamana.

"Rudia," Elkanah akasema.

Akarudia. Tup.

"Huyu nani alimfundisha?"

"Ni mashine, Elkanah. Imetoka Ulaya huko."

"Na huko wanazikana hivyo?"

Lazarus akacheka, akajaribu kukifanya kicheko kikohozi, akashindwa. Elkanah akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nitakuja," akasema. "Lakini na wewe utaniambia kitu, na utaniambia mbele ya Nanjala, kwa sababu najua amekuwa akiambiwa vingine. Siku ile Khayega, mimi nilifanya sawa au sikufanya?"

Kile kilikuwa kitu ambacho Lazarus alikuwa amekibeba miaka miwili bila kukitazama. Alikitazama sasa. Aliwaona wale wabebaji, jeneza mabegani, mjane amesimama.

"Jeneza lilikuwa linangoja," akasema polepole. "Ulifanya sawa. Hata mimi ningeiokota."

"Na mimi lile neno la kibofu," Elkanah akasema, "sikutakiwa kulisema mbele za watu. Nilitakiwa kulisema wewe na mimi tukiwa peke yetu."

"Ungelisema hata hivyo?"

"Ningeachaje, na lilikuwa zuri vile."

Alhamisi walikwenda kwa pikipiki mbili. Elkanah alikuwa amevaa koti la mazishi, kwa heshima ya mashine. Zuena alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, akamwuliza kama ana chuma chochote mwilini.

"Nina jino."

"Basi wewe huingii kule ndani. Utakaa hapa na mimi. Unapiga pigo moja tu, baba. Moja. Usiongeze."

"Binti, mimi nimepiga kwenye mazishi ya watu mia tatu. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Lazarus akaenda choo, akaenda tena, akalazwa, akasukumwa ndani. Picha za kwanza zikapita. Kisha kikaja kimya kile kinachotangulia ile ndefu, na Lazarus akausikia moyo wake mwenyewe kwenye vipokea sauti. Matone au kisu, akawaza. Kidole gumba kilikuwa tayari kimejikunja kama mkimbiaji kwenye mstari.

Du, du, du, du, du, du, du.

Mzunguko wa kwanza hakuna kilichokuja, na kidole kikaanza kuinama. Mzunguko wa pili pia Elkanah alikuwa kimya, alikuwa anasikiliza. Lazarus alimjua. Asingeingia bila kusikiliza mara mbili.

Mzunguko wa tatu pigo la nane likaja.

Lilikuja kutoka kwenye meza ya mbao, kwa ncha za vidole vitatu, kupitia maikrofoni na waya, likaingia masikioni mwa Lazarus na kukaa kwenye pengo lake kama kifuniko kwenye chungu chake. Kidole gumba kikanyooka. Likaja tena, na tena, halitangulii, halichelewi. Mabega yakalala. Lazarus alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu Khayega, kwamba yuko ndani ya wimbo na hakuna anachodaiwa kufanya. Mashine ikapiga saba yake na Elkanah moja yake, na yeye akawa katikati kama mtu aliyebebwa.

Dakika ya nne hivi Elkanah, akiwa ni Elkanah, alianza kunogesha. Kando ya pigo likaja kijipigo kidogo, cha kuchokoza. Nyayo za Lazarus zikasikia. Kabla hazijajibu, sauti ya Zuena ikaingia:

"Baba Elkanah. Moja."

"Ilikuwa inapoa," sauti ya Elkanah ikajitetea.

"Iache ipoe."

Kijipigo kikaondoka. Picha ya nyuzi ikaisha, ikaanza ile ya karibu, yenye mwendo mwingine, wa haraka, ambao ulimeza pigo la tano. Elkanah akasikiliza mizunguko miwili, akaingia wa tatu. Lazarus alikuwa ameacha kuhofia. Kwa kweli alikaribia kusinzia, na kama si kiu angesinzia.

Walipomtoa alikunywa lita nzima bila kupumua, akaenda choo, na aliporudi wote walikuwa mbele ya kompyuta. Hakuna aliyekuwa anacheka.

"Njoo, mzee," Daktari Mideva akasema. "Hiki ndicho kichwa chako. Leo kimetulia."

Picha ilikuwa safi. Akaonyeshwa ubongo umekatwa ubavuni kama kabichi, na chini yake kile kipande kidogo cha kijivu. Zuena akabonyeza kitu, na nyuzi zikatokea kwa rangi, nyekundu, kijani na buluu, zikitoka kwenye ile punje kwenda juu na nyuma na pembeni, nyingi, kama mizizi ya nyasi ukiing'oa. Elkanah alisogeza kofia nyuma.

"Hayo yote yako kwa huyu?"

"Yako hata kwako wewe," Zuena akamwambia.

Daktari Mideva akaweka ncha ya kalamu chini ya ile punje. "Hapa ndipo kikonyo kinapotakiwa kushuka. Kinashuka, kinashuka, halafu hapa, hakuna. Kimekatika. Na hii tezi hapa chini, nyuma yake hutakiwa kuwa na doa jeupe, ndiyo alama kwamba barua zimefika. Halipo. Uvimbe," akazungusha kalamu taratibu kuizunguka sehemu yote, "sioni popote. Nimetafuta mara tatu kabla sijakuita."

"Kwa hiyo si kisu," Nanjala akasema.

"Si kisu. Ni matone."

Lazarus alisimama akiiangalia ile sehemu tupu, ndogo kuliko punje ya mtama, iliyomweka kwenye kiti miaka miwili. Alitaka kusema kitu cha maana. Akasema, "Daktari, naomba niende choo," na hapo ndipo watu wakacheka.

Matone ya kwanza aliyatia puani jioni hiyo. Asubuhi aliamka jua limeshatoka na akadhani amekufa, kwa sababu hakuwa ameamka hata mara moja.

Lazarus alirudishwa kwenye njia za msituni baada ya wiki sita, daktari aliporidhika na damu yake. Anatia matone asubuhi na jioni na anapimwa chumvi kila baada ya miezi mitatu. Mwaka huohuo alivuka kutoka Isecheno mpaka Buyangu kwa miguu na chupa moja ya nusu lita, na wa pili akavuka mara nne. Ngoma kubwa ilibaki kwa Elkanah. Lazarus anapiga ya kati na analalamika kwamba nyimbo zinakwenda haraka. Elkanah aling'olewa lile jino la chuma na kuwekewa la plastiki, ambalo halipendi. Zuena alipata kazi Kisumu, akaolewa na mwalimu wa Mumias, na ana mapacha. Daktari Mideva bado yuko Kakamega na anawaonyesha wanafunzi wake picha ile bila jina la mwenyewe. Mashine ilibadilishwa mwaka jana. Mpya inapiga kwa sauti ya chini zaidi. Nanjala aliuza ile sufuria iliyobonyea kwa kugongwa na mwiko, akanunua nyingine.